Mikono Isiyo na Tatizo

Daktari yule ana umri wa kifungua mimba wangu, na mara ya kwanza nilipoingia chumbani kwake nilimwamkia shikamoo. Sijui ilinitoka vipi. Labda ni lile koti jeupe, labda ni kukaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adabu ikanizidi kipimo. Yeye akaitikia marahaba bila haya, macho yakiwa kwenye kompyuta, akaniuliza hali. Nikamjibu nzuri. Kwetu mtu akikuuliza hali unamjibu nzuri kwanza, hata kama umeletwa kwa machela, ndipo mengine yafuate. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuandika, na nina hakika aliiandika ile nzuri yangu kama ilivyo.

Nieleze mikono yenyewe, maana ndiyo iliyonitoa kijijini kwetu Nyakasimbi ikanipeleka mjini Kayanga.

Ilianza mwaka juzi, msimu wa kuchuma kahawa. Vilitoka vipele vidogo vya maji katikati ya vidole, vinawasha kama upupu. Baada ya wiki mbili viganja vikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, kisha vikapasuka nyufa, na nyufa zikatoa damu nikishika mpini. Halafu mambo yakapanda mpaka viwiko. Kulikuwa na siku ambazo ngozi ilitulia kabisa nikamshukuru Mungu kwa sauti, na kesho yake nikaamka nimejikuna mpaka shuka lina madoa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hadi leo ninapoandika haya, ugonjwa huu haujapata jina.

Nilianzia zahanati yetu. Aliyekuwa zamu alinitazama kutoka upande wa pili wa meza, akanyoosha kalamu kuelekea vidole vyangu na kusema, "Upele huo." Nikapewa dawa ya maji ya kupaka nyumba nzima, shingo mpaka nyayo, na amri ya kuchemsha mashuka yote. Mume wangu, ambaye hakuwa akiwashwa na chochote, alipakwa na yeye. Ile dawa ilimchoma mahali ambapo sitapataja, akalala amegeukia ukutani akinung'unika kwamba alioa mke, hakuoa wodi. Tulichemsha, tukapaka, tukarudia. Nyumba nzima ilinuka dawa, na mikono yangu ikachachamaa kuliko mwanzo.

Ndipo nikaenda mjini Kayanga, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, kwa daktari huyu wa marahaba. Na hapa lazima nikiri kosa langu, kwa sababu nalo lilinigharimu. Mama yangu alinilea kwamba huendi mbele ya mtu aliyesoma ukinuka jasho. Ukiitwa shuleni, unaoga. Ukienda kwa mchungaji, unaoga. Kwa daktari ndiyo usiseme. Basi siku ile niliamka nikaoga, nikavaa kitenge cha kanisani, nikachukua samli ya kujipaka na kuisugua mikononi hadi viwiko, nyufa zote zikalainika zikajifunga. Nikapanda bodaboda. Nilipofika mbele ya daktari mikono yangu ilikuwa inang'aa kama ya bibi harusi.

Aliitazama kwa muda ule ambao mtu hutazama gari linalopita.

"Ni aleji tu hiyo, mama. Hakuna tatizo."

"Aleji ya nini, daktari?"

"Aleji ziko nyingi."

Nikamweleza kwamba jana haikuwa hivi, kwamba jana ilikuwa ikitoa maji. Akasema sawa. Nikamweleza kwamba nashindwa kukaza ngumi. Akasema sawa, huku anaandika, na nikaona wazi kwamba anachoandika hakihusiani na ninachosema. Nilitoka na tyubu ya mafuta yenye ukubwa wa kidole gumba, kwa mikono miwili mpaka viwiko. Iliisha siku ya nne.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mume wangu. Yeye ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huwa yanakera kwa sababu ni ya kweli. Akaniuliza, "Ulimpelekea ugonjwa au ulimpelekea samli?"

Basi mara ya pili nilijitia ujasiri. Sikuoga. Sikujipaka. Nilitoka shambani asubuhi, nikaacha jembe kwenye mgomba, nikapanda bodaboda na mikono yangu kama ilivyo: imepasuka, ina utomvu wa ndizi mweusi kwenye kila ufa, na udongo mwekundu kwenye kucha. Watu wa kwenye benchi walinipa nafasi kubwa ya kukaa. Nilikaa nimeinua kichwa. Nilijiambia, leo hata kipofu ataona.

Daktari alikuwa ni yule yule, wala hakunikumbuka. Safari hii sikumpa shikamoo. Nilinyoosha mikono yote miwili juu ya meza yake, na yeye akarudisha kiti nyuma kidogo.

"Mama," akasema, kwa sauti ile ambayo watu hutumia kwa mtoto aliyekula udongo, "kwanza ni usafi. Nenda ukanawe vizuri, kwa sabuni ya kawaida, mara kwa mara. Hakuna tatizo."

Nikija msafi sina ugonjwa, nikija mchafu ugonjwa ni uchafu. Sasa nije vipi? Nije nusu? Niliuliza swali hilo njia nzima ya kurudi, kwa sauti, mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama naongea na simu.

Wengine pia nilijaribu, mtu asije akasema nilimwonea mmoja. Kuna mzee mmoja daktari, kwenye hospitali ya mbali ambako nilikwenda kwa basi nikalala kwa ndugu, aliyenipima mkojo, damu na malaria. Malaria sikuwa nayo. Alipomaliza akaegemea kiti akaniuliza kwa upole kama nina mawazo.

"Ninayo," nikamjibu.

"Mawazo gani, mama?"

"Ya hii mikono."

Akatikisa kichwa kana kwamba nimekiri, akaandika vidonge vya kunipa usingizi. Usingizi sikuwa na shida nao, ilikuwa ni mikono inayoniamsha. Lakini nimejifunza kwamba ukishaambiwa una mawazo, kila unachosema baada ya hapo ni ushahidi kwamba unayo. Ukinyamaza ndiyo kabisa.

Katika safari zote hizo hakuna aliyenishika mkono, na hakuna aliyeniuliza mikono hii inashinda ikifanya nini.

Kuwashwa peke yake ningekuzoea. Binadamu anazoea mengi, na mimi nimeshazaa mara sita. Kilichonichoma ni watu. Kwenye jumuiya, kina mama wenzangu waliacha kunipa mkono, wakaanza kunipungia kana kwamba niko ng'ambo ya mto. Dada wa mume wangu, ambaye tumetenganishwa na ua wa miti ya mbariti tu, alianza kuja kwangu na kikombe chake mwenyewe. Alikileta ndani ya kanga, akanywea chai yangu, akakifuta, akarudi nacho. Nilimwambia, "Wifi, kwani vikombe vyangu vimekukosea nini?" Akasema amekizoea hicho tu, ana miaka nacho. Kilikuwa kipya, bado kina karatasi ya dukani chini.

Sikumlaumu sana. Ningemwambia nini? Kwamba ugonjwa huu hauambukizi? Nani alikuwa amenihakikishia?

Hapo ndipo binti yangu wa tatu akapata mchumba, watu wa Bugomora kule Kyerwa, na tukapewa taarifa kwamba wanakuja kujitambulisha.

Mtu wa mbali inabidi aelezwe kitu hapa. Kwetu mgeni hapewi chai kwanza wala soda. Anapewa amwani, kahawa ya kutafuna: tunda huchumwa kabla halijaiva sana, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, huanikwa mpaka likauke, kisha hutunzwa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Mwenyeji anatafuna moja mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu, halafu anachota kwa mkono wake na kumwekea mgeni kiganjani. Mgeni anapokea kwa mikono miwili. Akikataa, amekukataa wewe. Na katika ukoo wa mume wangu, kahawa ya wageni wa posa hutolewa na mama wa binti, si shangazi, si binti mwenyewe. Kikapu ninachotumia nilikabidhiwa na mama mkwe wangu, miaka mingi kabla hajafariki. Kwa mabinti wawili wakubwa kahawa niliitoa mimi, mikono ikiwa mizima, na sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kufikiriwa.

Wifi yangu alikuja wiki mbili kabla. Akakaa, akatoa kikombe chake, akazungumza habari za mvua, habari za maharage, mpaka nikajua kuna kitu.

"Ile kahawa," akasema mwishowe, "nitaishika mimi."

"Kwa nini?"

"Wifi yangu, usinichukie. Wale watu hawatujui. Wakiona mikono hiyo watasema nyumba hii ina ugonjwa, na mtoto ataachwa. Unataka mtoto aachwe kwa sababu ya kahawa?"

Nilimchukia, kwa muda wa kutosha. Kisha nikaona kwamba anaogopa kitu kile kile ninachoogopa mimi. Nikamwambia anipe siku chache. Nitakwenda Kayanga nilete karatasi ya daktari inayosema kwamba hauambukizi, na karatasi hiyo tutampa mshenga wao mapema aisome. Sikuwa nataka dawa tena. Dawa nilikuwa nimeshasamehe. Nilitaka sentensi moja tu yenye muhuri.

Mara ya tatu, basi, mbele ya daktari yule yule. Nikamweleza posa, nikamweleza kahawa, nikamweleza wifi na kikombe. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejizoeza. Akaniacha nimalize, na hilo nilimshukuru, hadi nilipogundua kwamba alikuwa anasubiri kompyuta iwake.

"Sisi hatuandiki barua za namna hiyo, mama."

"Basi niambie tu kwa mdomo. Unaambukiza au hauambukizi?"

"Nimeshakwambia hakuna tatizo."

"Hukuniambia leo. Leo hata hujaitazama."

"Mama, kuna wagonjwa nje."

Na mimi nilikuwa nani? Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje kama dakika kumi, kwa hasira tu. Nesi mmoja akaniuliza kama nimeshahudumiwa. Nikamwambia ndiyo, sana.

Nyumbani nilimwambia wifi kwamba karatasi haikupatikana na kahawa nitaitoa mwenyewe. Akatazama mikono yangu, akatazama dari, akasema "Mawe!", yaani mama yangu kwa lugha yetu, na kuondoka. Siku ya wageni alifika alfajiri kusaidia kupika, na mfukoni akiwa na jozi ya glavu za mpira alizoomba kwa mtu wa saluni. Alinipa kwa siri nyuma ya jiko, kwa nia njema kabisa. Niwape watu kahawa ya posa nimevaa glavu, kana kwamba nawazalisha! Nilizitia motoni chini ya sufuria. Zilinuka vibaya sana, na tukagombana kwa kunong'ona mpaka ndizi zikakaribia kuungua.

Sikujipaka samli. Sijui kwa nini. Niliosha mikono kwa maji ya vuguvugu nikaiacha kama ilivyo. Nadhani nilikuwa nimechoka kuificha na kuionyesha kwa watu wasiotazama.

Wageni walifika saa sita, magari mawili. Tulikuwa tumetandaza nyasi mbichi sebuleni juu ya saruji, wakavua viatu, wakaingia kwa mpangilio: mshenga wao, ambaye ni mzee mwenye fimbo, baba wa mchumba, na baada yao kijana mmoja aliyevaa koti la suti, ambaye walimpisha akae mbele pamoja na wazee. Mshenga akamtambulisha kwa fahari: huyu ni kaka mkubwa wa bwana harusi mtarajiwa, ni daktari, yuko Kayanga.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu. Yeye aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu, na nikaiacha itoke taratibu.

Hakunikumbuka. Hata chembe. Alikuwa ananitazama usoni kwa heshima zote za mkwe.

Nikapiga magoti mbele ya mshenga. Nikafungua kikapu, nikatafuna punje moja, nikachota. Mzee alikuwa ameshanyoosha viganja. Kisha akaona. Viganja vyake havikurudi nyuma, ni mtu wa adabu, lakini vilisimama hewani, na akamwinamia daktari akamnong'oneza. Alidhani ananong'ona. Wazee wakishaanza kuwa viziwi hawajui tena kunong'ona.

"Wewe unajua mambo haya. Hii vipi?"

Nyumba nzima ilisikia. Nilisikia wifi yangu akivuta pumzi jikoni. Binti yangu alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na pazia likaacha kutikisika.

Daktari akatupa jicho mikononi mwangu, lile lile la gari linalopita, akasema kwa sauti ninayoijua hata usingizini, "Hakuna tatizo, mzee."

Nilikuwa nimekaa na hasira hiyo miaka miwili. Ningeweza kumwaga kila kitu pale, benchi, tyubu, usafi, barua, na posa ingeishia hapo. Nilimfikiria mtoto wangu nyuma ya pazia. Nikageuka kwa magoti, nikasogea kutoka mbele ya mshenga hadi mbele yake.

"Kama hakuna tatizo," nikamwambia, "pokea wewe kwanza, daktari."

Kumruka mshenga si jambo dogo. Mume wangu alikohoa. Lakini mzee mwenyewe nilimwona amefurahi kupata nafasi ya kungoja. Wote walikuwa wanamtazama daktari, na yeye, ili apokee, ilibidi aitazame mikono iliyokuwa inampa. Aliitazama. Safari hii ndiyo aliona. Niliona uso wake unabadilika, unaacha kuwa wa mgeni na kuwa wa mtu anayesoma kitu. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka magoti yangu yakauma. Kisha akakunjua viganja vyote viwili, nikamwekea kahawa, akaitia mdomoni na kutafuna.

Baada ya hapo mshenga alipokea, akafuata baba wa kijana, na wengine wote. Hakuna aliyebaki. Mshenga akatafuna, akasema kahawa hii imepikwa na mtu anayejua, na kwamba ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Watu wakacheka, maongezi yakafunguka, na pazia likaanza tena kutikisika.

Walipokuwa wanakula nilitoka kwenda nyuma ya jiko kupumzika. Mikono ilikuwa inawaka moto kwa maji ya kuosha vyombo. Nikasikia mtu nyuma yangu. Ni yeye, amevua koti.

"Mama, samahani. Hii mikono ina muda gani hivi?"

"Hunikumbuki?"

"Nakumbuka sura, mama, ila…"

"Usiseme uongo nyumbani kwangu. Nimekuja kwako mara tatu."

Nilingoja aseme wagonjwa ni wengi, nilikuwa na jibu tayari.

"Sikumbuki," akasema. "Kweli sikumbuki."

Jibu langu likakosa pa kwenda. Alivuta kigoda cha kukamulia ng'ombe, akakaa chini yangu, akanyoosha mkono wake na kuushika wangu wa kulia. Akaugeuza kiganja juu kwenye mwanga, akatenganisha vidole kimoja kimoja, akapitisha kidole gumba chake kwenye ufa. Miaka miwili, safari zote zile, na huyu ndiye wa kwanza kuugusa. Machozi yakanitoka, na nikakasirika kwa sababu yalinitokea mbele yake.

"Nieleze siku yako," akasema. "Ukiamka asubuhi, kitu cha kwanza unachoshika ni nini?"

Nikajifuta uso kwa kanga.

"Majivu," nikamwambia. "Naanza kwa kuzoa majivu."